Je, Wajua? Skafu, Nyayo na Asali: Vijana wa Kanisa Katika Nchi ya Singida

Kiongozi wa serikali akifika Singida kwa ziara, kabla hajakagua mradi wala kusalimiana na wazee, kijana mwenye sare humsogelea, akamvika skafu shingoni, akapiga saluti na kurudi mahali pake. Tendo hilo limezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza limetoka wapi. Lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepitia makanisani, mikononi mwa walimu wa Shule ya Jumapili, wachungaji na wamishonari. Yafuatayo ni baadhi ya mambo yanayostahili kujulikana kuhusu skauti, Girl Guides na Watafuta Njia, tukiyatazama tukiwa Singida, mkoa ambao una mengi ya kuufundisha uskauti wenyewe.

JE, WAJUA kwamba mizizi ya skauti imo katika Shule ya Jumapili?

William Alexander Smith alikuwa mfanyabiashara na ofisa wa jeshi la kujitolea mjini Glasgow, Scotland. Siku za Jumapili alifundisha watoto Biblia. Wavulana wake walikuwa watundu, hawatulii, na mwalimu yeyote wa Shule ya Jumapili aliyewahi kukabidhiwa vijana wa miaka kumi na miwili anajua shida hiyo. Smith aliona kwamba wavulana walewale wasiosikia darasani wangesimama wima kama wangepewa kofia, mkanda na gwaride. Tarehe 4 Oktoba 1883 akaanzisha Boys' Brigade. Nembo yake ikawa nanga, kutokana na Waebrania 6:19, panapotajwa tumaini lililo nanga ya roho.

Mwaka 1904 mgeni rasmi wa gwaride lao la mwaka mjini Glasgow alikuwa Jenerali Robert Baden-Powell, ambaye Waingereza walimwona shujaa tangu mzingiro wa siku 217 wa Mafeking, Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1900. Mbele yake walipita vijana wapatao 7,000. Alivutiwa nao, ila akamwambia Smith kwamba wangekuwa wengi zaidi mara nyingi kama mafunzo yangekuwa na mambo mengi ya kumvuta kijana kuliko gwaride peke yake. Smith hakuchukia. Alimshauri akichukue kitabu chake cha kijeshi cha mwaka 1899, Aids to Scouting, akiandike upya kwa ajili ya wavulana. Mwaka 1908 kikatoka Scouting for Boys. Kwa maoni yangu, mwalimu huyo wa Shule ya Jumapili hatajwi inavyostahili: bila yeye kumsukuma mgeni wake, huenda kitabu kile kisingeandikwa.

JE, WAJUA kwamba kambi ya kwanza ya skauti iliamshwa kwa pembe ya tandala?

Agosti 1907, kabla kitabu hakijatoka, Baden-Powell aliwakusanya wavulana kama ishirini hivi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, ili ayajaribu mawazo yake. Kumi kati yao walikuwa wa Boys' Brigade kutoka miji ya Bournemouth na Poole, watoto wa watu wa kawaida. Wengine walitoka shule za watoto wa matajiri. Kuwalaza kambi moja watoto wa matabaka hayo mawili, katika Uingereza ya wakati ule, kulikuwa jambo la ujasiri kuliko mafundo na moto wa kambi. Aliwagawa katika vikundi vinne: Mbwamwitu, Kunguru, Fahali na Sululu.

Asubuhi waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala. Baden-Powell alikuwa ameichukua pembe hiyo katika vita vya Wamatabele vya 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Ililia tena kwenye mkutano mkuu wa skauti wa dunia wa 1929 huko Arrowe Park, Uingereza, na ikalia kisiwani Brownsea tarehe 1 Agosti 2007, skauti ilipotimiza miaka 100. Mnyama mwenyewe hawapi shida watu wa Manyoni na Itigi kumtambua. Mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi ni miongoni mwa mahali panapojulikana sana kwa tandala hapa nchini.

JE, WAJUA kwamba Baden-Powell alijifunza upelelezi kwenye miamba inayofanana na ya Singida?

Mwaka huohuo wa 1896, Mmarekani aitwaye Frederick Burnham alimfundisha Baden-Powell ufundi wa porini katika vilima vya Matobo: kusoma nyayo, kusafiri usiku, kuishi kwa kidogo kilichopo. Mtu wa Singida akiona picha za Matobo atadhani ni nyumbani. Ni mawe makubwa ya graniti yaliyobebana, jiwe juu ya jiwe, kama yale yanayoizunguka miji yetu na ziwa Singidani. Hakuna ajabu. Zimbabwe na Tanzania ya kati zote zimekaa juu ya miamba ya kale sana ya bara la Afrika, yenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, na graniti ya namna hiyo ikiliwa na mvua na jua hubaki katika maumbo yaleyale.

Ila Burnham naye hakuyazua maarifa hayo. Kusoma udongo na majani yaliyolala ni elimu ya wafuasi wa nyayo, wafugaji na wawindaji, watu ambao majina yao hayakuandikwa katika vitabu. Elimu hiyo ilitoka Afrika na mabara mengine, ikaenda Uingereza, ikawekwa katika sura na mazoezi, kisha ikarudi kwetu ikiwa na sare. Kijana wa Singida anapofundishwa kusoma nyayo na kiongozi wake wa skauti anapokea kitu ambacho babu yake angeweza kumpa.

JE, WAJUA kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa skauti?

Aliingia Shule ya Tabora mwaka 1937, katika mkoa ambao ni jirani wa Singida upande wa magharibi. Akiwa huko alikisoma kitabu cha Baden-Powell, akajiunga na skauti. Leo Rais wa Jamhuri ya Muungano ndiye mlezi wa Chama cha Skauti Tanzania.

JE, WAJUA uskauti ulifika lini kwetu?

Skauti ya Tanganyika inahesabu miaka yake tangu 1917, na mwaka 2017 iliadhimisha karne moja. Kenya walitangulia, mwaka 1910. Uganda ilianza mwaka 1915 kwa mkono wa mmishonari wa Kianglikana, Canon Grace. Girl Guides wa Tanganyika walianza mwaka 1928.

Kuhusu wasichana, kuna kisa kinachostahili kukumbukwa. Mwaka 1909 skauti walipokusanyika kwenye jumba la Crystal Palace, London, walijitokeza wasichana waliovaa kama skauti ambao hakuna aliyewaalika, wakadai nao wahesabiwe. Mwaka uliofuata chama chao kikaundwa, na dada yake Baden-Powell, Agnes, akakiongoza. Girl Guides, kwa hiyo, hawakuletewa chama, walikifuata wenyewe.

JE, WAJUA kwamba Tanzania haina chama cha skauti cha Waprotestanti peke yao, lakini nchi nyingine zinacho?

Ukivuka Bahari ya Hindi hadi Madagaska utakuta maskauti wamejipanga kwa imani. Wavulana wa Kiprotestanti wana Tily eto Madagasikara, wasichana wa Kiprotestanti wana Mpanazava eto Madagasikara. Wakatoliki wana vyama vyao, na wasiotaka kufungamana na kanisa wana chao. Ufaransa ina chama cha maskauti wa Kiprotestanti tangu 1911. Ujerumani kuna VCP, chama cha wavulana na wasichana wa Kiinjili kilichoundwa mwaka 1973 kwa kuunganisha vyama vilivyotangulia. Kimojawapo kilikuwa kimeanza mwaka 1921 na kikapitia miaka ya Hitler, ambapo vyama vyote vya vijana visivyokuwa vya serikali yake vilifutwa. Kongo pia maskauti walikua kwa madhehebu, Wakatoliki kwao, Waprotestanti kwao, Wakimbangu kwao.

Tanzania ilishika njia nyingine. Chama cha Skauti ni kimoja, na ndani yake Mlutheri, Mwislamu, Mkatoliki na Mpentekoste hufunga skafu ileile. Ahadi ya skauti inataja wajibu kwa Mungu, kila mmoja akamtimizia Mungu wake wajibu huo kwa imani yake. Mimi naona nchi yetu ilichagua vizuri. Mkoa wenye Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wasukuma, Wataturu na Wahadzabe, na wenye zaidi ya watu milioni 2, unahitaji mahali ambapo watoto wake wote hupiga kambi pamoja. Hata hivyo makanisa hayakunyimwa nafasi: yanaendesha shule zenye vikundi vya skauti, na mengine yana vyama vyake vya vijana vilivyojengwa kwa mfano wa skauti. Kanisa la Assemblies of God, kwa mfano, lilianzisha Royal Rangers huko Marekani mwaka 1962, na chama hicho kimesambaa katika nchi nyingi.

JE, WAJUA Uprotestanti wa Singida ulivyokaa?

Kaskazini, Iramba na Mkalama hadi Unyaturu, ni nchi ya Walutheri tangu zamani. Wamishonari wa Leipzig kutoka Ujerumani walifika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita vikawaondoa, na katika miaka ya 1920 kazi yao ikachukuliwa na kanisa la Augustana la Marekani, kanisa la wahamiaji wenye asili ya Uswidi. Majina ya Ruruma, Kiomboi, Iambi na Kinampanda yameandikwa katika historia hiyo pamoja na hospitali na shule. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT), kanisa la Iramba na Turu lilikuwa mojawapo ya hayo saba; leo ni Dayosisi ya Kati. Kusini, Manyoni na Kilimatinde, Waanglikana ndio waliotangulia, na Dayosisi yao ya Bonde la Ufa ilizaliwa mwaka 1991. Wapentekoste na Waadventista wakaja na kuenea katikati yao.

JE, WAJUA kwamba Watafuta Njia walikataliwa kwanza na kanisa lao wenyewe?

Hapa nitakaa kidogo, maana katika Tanzania yetu hawa ndio wanaokaribia zaidi kuwa chama cha skauti cha Kiprotestanti. Ni watoto wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na kwa Kiingereza huitwa Pathfinders. Utawaona kwenye makambi ya kila mwaka: sare, skafu yenye nembo, gwaride, wengine wakipokea wageni na kuelekeza watu mahali pa kukaa. Mtu asiyewajua huwaita skauti, na kosa lake si kubwa.

Historia yao inaanzia Hazelton, Michigan, mwaka 1879, ambako vijana wawili, Luther Warren wa miaka 14 na Harry Fenner wa miaka 17, walianzisha kikundi cha vijana wa kanisa kwa uamuzi wao. Mwaka 1919 huko Tennessee, Arthur Spalding aliona wanawe wanavutiwa na skauti. Badala ya kuwakataza, akawaundia kikundi chao chenye ahadi na sheria zilizojaa maneno ya imani. Miaka ya 1920 yakaongezeka madaraja ya mafunzo, na mwaka 1928 zikatolewa beji 16 za kwanza za ufundi.

Kisha ukaja upinzani. Huko California, mwanzoni mwa miaka ya 1930, vikundi vya kwanza vilivyojiita Watafuta Njia vilishutumiwa na waumini walioona kwamba watu wanaingiza mambo ya dunia kanisani, na viongozi wakatishiwa nidhamu ya kanisa. Vikafungwa. Lakini watoto hawakuacha kupenda kambi, wala wazazi hawakuacha kutafuta njia ya kuwaweka watoto karibu na kanisa. Mwaka 1946 John Hancock akachora nembo ya pembe tatu ambayo ingali inatumika, mwaka 1948 Henry Bergh akabuni bendera, na mwaka 1950 kanisa zima duniani likaidhinisha chama hicho rasmi. Jambo lililokaribia kuwatoa watu kanisani miaka ya 1930 limekuwa leo huduma ambayo karibu kila kanisa la Kisabato linaitaka.

Pembe tatu za nembo zinasimamia akili, mwili na roho. Ngao ni ulinzi, upanga ni Biblia. Wavulana na wasichana wako pamoja, umri wao miaka 10 hadi 15. Wadogo wana chama chao cha chini, na wakubwa huendelea hadi kuwa viongozi. Kwa kila mwaka wa umri kuna daraja lake, na juu ya madaraja kuna mamia ya beji za ufundi: huduma ya kwanza, mafundo ya kamba, nyota, ndege, wadudu, upishi, useremala. Katika nchi yetu Waadventista walianzia Upare mwaka 1903, kwa wamishonari wa Kijerumani, na kutoka huko wakasambaa hadi mikoa ya kati.

Kati ya beji hizo iko ya ufugaji wa kuku na iko ya ufugaji wa nyuki. Mtoto wa mji mkubwa wa Marekani hulazimika kusafiri ili azipate. Mtoto wa Ikungi au Mkalama anazo nyumbani: kuku wa Singida wanaliwa hadi Dar es Salaam, na asali ya Manyoni na Itigi ina jina lake sokoni. Ningependa kuona viongozi wa vikundi wa mkoa huu wakianza na beji hizo mbili kabla ya kuhangaika na zile zinazotaka vifaa vya dukani.

JE, WAJUA kwamba kulikuwa na Pathfinders wengine Afrika, na kisa chao kinasikitisha?

Sheria ya skauti inasema skauti ni ndugu wa kila skauti. Afrika Kusini ilikwepa sheria hiyo. Watoto Weusi walipotaka kujiunga walikataliwa, na mwaka 1922 wakaundiwa chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders; wasichana wao wakapewa Wayfarers mwaka 1925. Mwaka 1936 wavulana waliruhusiwa kuitwa skauti, lakini katika tawi la peke yao. Matawi hayo hayakuunganishwa hadi mwaka 1977. Hawa hawana uhusiano na Watafuta Njia wa Kisabato.

Na jirani zetu wa Malawi walipoteza skauti kwa sababu nyingine: wakati wa Rais Banda ilipigwa marufuku, vijana wakaelekezwa kwenye Young Pioneers ya chama tawala. Tanzania ilijiunga na shirika la skauti la dunia mwaka 1963, na Mwalimu, pamoja na kuwa na umoja wa vijana wa chama chake, hakuifuta.

JE, WAJUA kwamba vitabu vya skauti vya Ulaya vitakupoteza njia ukiwa Singida usiku?

Vitabu hivyo humfundisha kijana kutafuta Nyota ya Kaskazini. Mji wa Singida uko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Haionekani hata usiku mmoja wa mwaka. Kijana anayeitafuta ataishia kufuata nyota nyingine, na kichaka cha Itigi, uoto mzito wa vichaka vilivyosongamana ambao ni nadra duniani, si mahali pa kukosea.

Singida tuna Msalaba wa Kusini, unaoonekana vizuri jioni kuanzia Aprili hadi Juni. Nyoosha mstari kwa kufuata ule mti mrefu wa msalaba, kuelekea mguu wake, mara nne na nusu ya urefu wa mti huo, kisha shuka moja kwa moja hadi ardhini: hapo ni kusini. Miezi ya mvua tunazo nyota tatu za mkanda wa Orioni, kundi ambalo baadhi ya vitabu vya Kiswahili huliita Jabari. Hizo huchomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili, popote ulipo duniani. Na kuna Kilimia, kundi dogo la nyota ambalo wakulima wa Afrika Mashariki walilitazama kujua msimu wa kulima kabla ya kalenda za ukutani.

Mchana nako kuna fumbo lake. Vitabu vya Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Singida huwa hivyo kwa sehemu ya mwaka tu. Jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mara mbili, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Tangu Machi hadi Oktoba kivuli cha adhuhuri huelekea kusini. Tangu Oktoba hadi Machi huelekea kaskazini. Njia isiyodanganya ni ya kijiti: kisimamishe, weka alama kwenye ncha ya kivuli, subiri robo saa, weka alama ya pili. Alama ya kwanza ni upande wa magharibi, ya pili upande wa mashariki.

JE, WAJUA kwamba mwalimu bora wa kutafuta njia Singida ana mabawa?

Wahadzabe wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako Wilaya ya Mkalama. Wanapotafuta asali hupiga mluzi wenye sauti yao maalumu. Ndege mmoja mdogo wa kahawia, anayependa nta ya nyuki, husikia, akaja, akaanza kulialia na kuruka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa porini. Mtu hupuliza moshi ndani, hupasua mti, huchukua asali. Ndege hupata nta ambayo peke yake asingeifikia. Ndege huyo hajafugwa, wala hajafunzwa na mtu.

Wanasayansi Claire Spottiswoode na Brian Wood walichapisha utafiti katika jarida la Science mwishoni mwa mwaka 2023. Walipiga sauti za aina mbalimbali porini wakaangalia ndege wanaitikia ipi. Kwa Wahadzabe, uwezekano wa ndege kuitikia mluzi wa Kihadzabe ulikuwa zaidi ya mara tatu ya ule wa kuitikia sauti wanayotumia Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji. Huko Msumbiji mambo yakawa kinyume: ndege waliitikia zaidi sauti ya Wayao. Yaani ndege wa kila mahali wamejifunza desturi ya watu wa mahali pao. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuwa umeonyesha kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya chakula cha Wahadzabe hupatikana kwa msaada wa ndege huyu. Na Wahadzabe wana ujanja wao: mara nyingi huichoma au kuifukia nta iliyobaki, ili ndege asishibe mapema akaacha kazi.

Maarifa hayo yako hai katika mkoa huu, na wenye kuyajua si wengi: Wahadzabe wote hawazidi sana elfu moja. Kikundi cha skauti au Watafuta Njia cha Mkalama kikimwalika mzee wa Kihadzabe awafundishe nusu siku, na kikamheshimu kama mwalimu kwa kumlipa kama mwalimu, watoto watapata somo ambalo hakuna kambi ya Ulaya inayoweza kulitoa. Hilohilo linafaa kwa moto. Vitabu vinafundisha kuwasha moto bila kiberiti kama jambo la ajabu, ilhali kupekecha moto kwa ulindi na wimbombo ni kazi ya kila siku kwa mwindaji.

Nyuki wa Singida wana historia nyingine pia. Inasimuliwa kwamba Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza watu wake dhidi ya Wajerumani, aliwatumia nyuki kama jeshi lake. Uwanja wa mpira wa Singida, uliojulikana kama Namfua, umepewa jina la Liti.

JE, WAJUA kwa nini skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto?

Kwetu mtu akikupa mkono wa kushoto, hasa kijana kwa mkubwa wake, amekosa adabu. Skauti duniani kote hupeana huo. Maelezo yanayosimuliwa ni kwamba Baden-Powell alipokuwa kwa Waashanti, Ghana ya leo, aliambiwa kwamba shujaa hutoa mkono wa kushoto kwa kuwa ndio unaoshika ngao, na kuiacha ngao ni kumwamini mwenzako. Viongozi wengi hapa nchini huwafundisha vijana kuitumia salamu hiyo skauti kwa skauti, na kumpa bibi au mchungaji mkono wa kulia. Ni busara.

Alama nyingine ya Kiafrika ni shanga mbili za mti ambazo viongozi wa skauti waliofuzu mafunzo ya juu huvaa kwenye kamba ya ngozi. Walipofuzu wa kwanza huko Gilwell Park mwaka 1919, walipewa shanga kutoka mkufu wa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, ambao Baden-Powell aliupata katika kampeni ya 1888.

JE, WAJUA kwamba mwanzilishi wa skauti amelala Nyeri?

Baden-Powell alihamia Kenya mwaka 1938, akajengewa nyumba ndogo kwenye eneo la hoteli ya Outspan, akafa tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake liko kwenye uwanja wa kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Petro. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huichora njiani kuwajulisha wanaofuata kwamba amekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe Olave, aliyefariki mwaka 1977, yalizikwa hapohapo. Wote wawili walizaliwa tarehe 22 Februari, mume mwaka 1857, mke 1889, na ndiyo maana Girl Guides wa dunia nzima huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka.

JE, WAJUA lini ni wakati mzuri wa kambi Singida?

Februari ni mvua, na watoto wa vijijini wako shambani na alizeti na mtama. Likizo ya Juni ndiyo inayofaa: mavuno yameingia, nyasi zimekauka kidogo, na baridi ya usiku inawafanya watoto waupende moto. Maji yapangwe mapema, kwa sababu mkoa huu una msimu mmoja tu wa mvua na visima vya mbali hupungua kadiri miezi inavyosonga. Watafuta Njia wana siku yao ya dunia Sabato ya tatu ya Septemba, wakati upepo wa Singida unavuma na anga haina wingu. Siku hiyo kivuli cha adhuhuri bado kinaelekea kusini. Kikundi kikisimamisha kijiti saa sita na nusu mchana, kikapima kivuli, kikarudia tendo hilo kila Sabato hadi mwisho wa Oktoba, watoto watakiona kivuli kikifupika, kikipotea chini ya kijiti, kisha kikitokea upande wa kaskazini.